P/E ya Safaricom ilikuwa 25, ikawa 9, sasa ni 16: niisomeje?

*Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Voi. Septemba 2021 nilinunua hisa 4,000 za Safaricom kwa shilingi 42 kila moja, na hiyo ndiyo akiba yangu karibu yote nje ya Sacco. Wakati huo programu ya dalali wangu ilionyesha P/E ya karibu 25. Mwisho wa 2023 hisa ilikuwa shilingi 14 na P/E ikawa 9. Sasa, mwaka 2025, hisa ni shilingi 28 na programu inasema 16, lakini tovuti nyingine, siku hiyo hiyo, inasema 24. Kijana wangu anasomea biashara chuoni. Ananiambia P/E ikiwa chini ya 10 hisa ni rahisi, ikipita 20 ni ghali, basi. Kwamba 2023 nilipaswa kuongeza, na sasa niuze. Mama yake naye anataka tuuze tulipe karo ya Januari. P/E ya kampuni ya simu inasomwaje miaka ikipita? Na kati ya nambari hizi mbili, ipi ni ya kweli?*

Mwalimu, nimeisoma barua yako mara mbili. Naona umefunga mambo matatu kwa kamba moja: nambari ina maana gani, kwa nini imeyumba namna hii, na je, uuze. La tatu linakuuma zaidi kwa sababu ya karo, lakini halijibiki mpaka mawili ya kwanza yakae sawa. Na nikwambie mapema: kijana wako hakudanganya, ila amejifunza nusu ya somo, nayo ni ile nusu inayowatia watu hasara.

Tuanze chini kabisa. P/E ni bei ya hisa moja ukiigawanya kwa faida ambayo hisa hiyo moja ilipata kwa mwaka. Safaricom ina hisa bilioni 40 na kidogo. Katika mwaka wa fedha ulioishia 31 Machi 2025, faida iliyowahusu wenye hisa wake ilikuwa takriban shilingi bilioni 69.8. Igawanye kwa idadi ya hisa, unapata shilingi 1 na senti 74. Sasa chukua bei ya 28, gawanya kwa 1.74, na 16 yako hiyo hapo. Maana yake ni kwamba anayenunua leo analipa kwa mkupuo faida ya miaka 16, kama faida itabaki pale pale ilipo.

Maneno "kama faida itabaki pale pale" ndiyo yamebeba uzito wote. Fikiria pikipiki ya bodaboda ambayo, baada ya mafuta, ufundi na posho ya dereva, inamletea mwenyewe shilingi 60,000 kwa mwaka. Utaiuza kwa ngapi? Ukipata mtu wa kukupa 150,000, umefanya biashara. Sasa fikiria chumba cha kupangisha pale mjini kinacholeta shilingi 60,000 hizo hizo kwa mwaka. Hicho hukiachii kwa 150,000. Mtu akikupa 900,000 huenda bado ukasema utafikiria. Faida ni moja, lakini cha kwanza kina P/E ya 2.5 na cha pili 15. Hakuna aliyekosea hesabu. Pikipiki baada ya miaka minne ni chuma chakavu, chumba kitapangishwa mpaka wajukuu wako wazae. Mnunuzi halipii faida ya mwaka jana. Hiyo ameshaila mwingine. Analipia faida inayokuja, na P/E ni alama tu ya jinsi anavyoiamini.

Ndiyo maana mstari wa "chini ya 10 rahisi, juu ya 20 ghali" haupo. Mwaka 2023 benki kubwa za Nairobi ziliuzwa kwa P/E ya chini ya 6. Kwa kanuni ya kijana wako, Safaricom ya P/E 9 ilikuwa rahisi, lakini ilikuwa ghali ukiiweka karibu na benki hizo. Kila biashara ina kiwango chake, na hata kiwango hicho huhama.

Sasa njoo kwenye safari yenyewe, maana hapa ndipo penye somo. Kila Mei, Safaricom ikishatoa hesabu zake za mwaka, huwa nafungua daftari la mistari na kuandika nambari tatu tu kwenye mstari mmoja: bei, faida ya kila hisa, na bei gawanya kwa faida. Huwa nafanya kwa kalamu, si kwa programu, kwa sababu mkono ukiandika macho huona. Nikurudishe kwenye mstari wa kwanza.

Mwaka 2008 serikali iliuza asilimia 25 ya Safaricom kwa umma, hisa bilioni 10, kwa shilingi 5 kila moja. Utakumbuka foleni zile. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo, watu wakarudishiwa sehemu kubwa ya pesa zao, na wengine walikuwa wamezikopa benki. Faida ya mwaka ulioishia Machi 2008 ilikuwa kama senti 35 kwa hisa, kwa hiyo P/E kwa bei ya serikali ilikuwa 14 na kitu. Mwanzoni mwa 2009 hisa ilikuwa imeanguka chini ya shilingi 3, na miaka kadhaa ikapita watu wakiilaani. Mwisho wa 2012 bado ilikuwa karibu shilingi 5, faida ikiwa senti 32. Miaka minne na nusu, na hakuna kilichosogea, juu wala chini ya mstari wa kugawanya.

Kisha faida ikaanza kutembea. Senti 44 mwaka wa fedha wa 2013, senti 80 mwaka 2015, shilingi 1.21 mwaka 2017, shilingi 1.84 mwaka 2020, ikarudi kidogo hadi 1.71 mwaka 2021. Bei nayo ikatoka 5 hadi karibu 44 Agosti 2021. Ni karibu mara tisa. Watu husema "faida ilipanda mara tisa". Haikupanda mara tisa, Mwalimu. Kutoka senti 35 hadi shilingi 1.71 ni karibu mara tano. Iliyobaki, karibu mara mbili, ilitoka kwenye P/E yenyewe kupanda kutoka 14 hadi 25 na ushei. Yaani sehemu moja ya utajiri ule ililetwa na kampuni kuuza data na M-Pesa, na sehemu nyingine ililetwa na wanunuzi kukubali kulipa zaidi kwa kila shilingi ya faida ile ile. Wewe uliingia Septemba 2021, sehemu zote mbili zikiwa zimejaa hadi mdomoni.

Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa safari yako mwenyewe. Ulinunua kwa 42, faida ikiwa 1.71. Mwisho wa 2023 bei ni 14 na faida ya mwaka wa karibuni, ulioishia Machi 2023, ni 1.55. Faida imeshuka kwa asilimia 9 tu, bei imeshuka kwa theluthi mbili. Kama soko lingebaki na imani ile ile ya 2021, hisa yako ingekuwa kama shilingi 38. Kwa hiyo katika shilingi 28 ulizopoteza kwa kila hisa, nne ziliondoka na faida na ishirini na nne ziliondoka na P/E. Na kupanda kutoka 14 hadi 28 kumefuata njia hiyo hiyo: faida imepanda kutoka 1.55 hadi 1.74, ambayo peke yake ingeipeleka hisa kwenye 16 hivi. Kilichobaki chote ni P/E kurudi kutoka 9 hadi 16. Kampuni imebadilika kidogo, wanunuzi wamebadilika sana. Ukiielewa aya hii moja, umeelewa kwa nini huwa nasisitiza kwamba nambari ikisogea, usiulize kwanza ni kubwa au ndogo. Uliza ni nini kimesogea, bei au faida.

Wanunuzi walibadilishwa na nini? Mambo matatu makubwa, na la kwanza ndilo nisilolisikia likitajwa vya kutosha.

Geuza P/E kichwa chini. Badala ya bei gawanya kwa faida, fanya faida gawanya kwa bei. Shilingi 1.71 kwa 44 ni asilimia 3.9. Hiyo ndiyo faida ya mwaka kwa kila mia uliyoweka. Mwaka 2021, serikali ya Kenya ilikuwa ikikopa kwa hati za hazina za siku 91 kwa karibu asilimia 7. Watu walikubali asilimia 3.9 ya Safaricom kwa sababu waliamini itakua. Mwanzoni mwa 2024 hati hizo hizo za siku 91 zilikuwa zikilipa zaidi ya asilimia 16, na Februari mwaka huo hatifungani ya miundombinu, isiyokatwa kodi, ilitoa zaidi ya asilimia 18. Jiulize: kama serikali inanipa 18 bila jasho, hisa ya kampuni ya simu, yenye hatari zake, nitaichukua kwa ngapi? Lazima bei ishuke mpaka faida yake ifanane na ushindani huo. Ikashuka hadi 14, ambapo 1.55 ni asilimia 11. Mwaka huu wa 2025 hati za siku 91 zimerudi karibu asilimia 8, na Safaricom kwa 28 inatoa asilimia 6.2. Umeona? P/E ya hisa yako imekuwa ikicheza ngoma inayopigwa Benki Kuu. Hapa ndipo kijana wako angepaswa kuanzia: P/E ya 9 wakati riba ni asilimia 16, na P/E ya 16 wakati riba ni asilimia 8, ni nambari mbili zinazokaribiana kuliko zinavyoonekana.

La pili ni wageni. Sehemu kubwa ya biashara ya hisa za Safaricom ilikuwa mikononi mwa wawekezaji wa nje, na wao huhesabu kwa dola. Shilingi ilitoka karibu 110 kwa dola mwaka 2021 hadi karibu 160 Januari 2024, na kati hapo dola zilikuwa adimu hata kwa aliyekwishauza na kutaka kuondoka. Wengi waliuza kwa sababu ya sarafu, si kwa sababu ya M-Pesa.

La tatu ni Ethiopia, nalo ndilo linalojibu swali lako la nambari mbili.

Mei 2021 kundi linaloongozwa na Safaricom lilishinda leseni ya simu ya Ethiopia kwa dola milioni 850, na huduma zikazinduliwa rasmi Addis Ababa Oktoba 2022. Kujenga mtandao mpya ni kama kuchimba kisima: unalipa kila siku na huoni tone la maji mpaka ufike. Kampuni ya Ethiopia imekuwa na hasara kubwa tangu ianze, na Julai 2024 serikali ya huko ilipoiachia birr itafute bei yake sokoni, sarafu hiyo ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani katika miezi michache, ikazidisha hasara kwa madeni na ununuzi wa dola. Safaricom haimiliki Ethiopia yote. Ina zaidi kidogo ya nusu, na washirika wake wana iliyobaki.

Kwa hiyo ripoti ya mwaka ulioishia Machi 2025 ina faida mbili. Faida ya kundi zima, hasara yote ya Ethiopia ikiwa ndani, ni takriban shilingi bilioni 45.8. Faida inayowahusu wenye hisa wa Safaricom, baada ya washirika kubeba fungu lao la hasara, ni bilioni 69.8. Tofauti ya bilioni 24 ni hasara iliyo kwenye mabega ya washirika. Gawanya 69.8 kwa hisa zote, unapata 1.74 na P/E ya 16. Gawanya 45.8, unapata shilingi 1.14 na P/E ya 24 na nusu. Programu ya dalali wako imechukua ya kwanza, ile tovuti imechukua ya pili. Hakuna hitilafu ya mitambo.

Ipi ni ya kweli? Ya kihasibu ni 16, kwa sababu bei ya hisa ni bei ya haki yako wewe, na lazima igawanywe kwa faida yako wewe, si kwa hasara ya mwenzako. Daftarini kwangu naandika 16. Lakini pembeni naandika 24 kwa penseli, na sababu ni hii: mshirika anaweza kuchoka. Siku mmoja wao akikataa kuongeza mtaji, ama Safaricom itaongeza kwa niaba yake na kubeba hasara zaidi, ama mradi utapungua kasi. Kwa upande wa pili, Ethiopia ikifika mahali haipotezi tena, faida yako itapanda bila M-Pesa ya Kenya kuongeza hata senti, na P/E ya leo itaonekana ndogo kuliko tunavyoisoma. Pengo kati ya 16 na 24 ndiyo picha ya Ethiopia ndani ya hisa yako. Likizidi kupanuka, uliza kwa nini. Likipungua kwa sababu hasara inapungua, hiyo ni habari njema hata kama bei imelala.

Kuna mtego mwingine ambao Safaricom haijakuonyesha, kwa hiyo nitavuka mpaka. Vodacom Tanzania iliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2017 kwa shilingi 850 za Tanzania. Mwaka 2020 laini nyingi zilifungwa kwa sababu wenyewe hawakuwa wamezisajili kwa alama za vidole, na Julai 2021 zikaja tozo za miamala ya simu. Katika mwaka wa fedha wa 2021 na wa 2022 kampuni ilipata hasara. Kampuni yenye hasara haina P/E. Kwenye programu utaona kistari tu. Ilipoanza tena kupata faida, mwaka wa fedha wa 2023, faida ilikuwa kama shilingi 20 kwa hisa na bei ilikuwa karibu 770. Piga hesabu: 38. Kwa kanuni ya chuoni, hiyo ni hisa ghali mno, kimbia. Lakini faida ile ilikuwa ya mgonjwa aliyetoka kitandani juzi. Mwaka wa fedha wa 2025 faida ilikuwa imeshakuwa maradufu. P/E ilikuwa kubwa kwa sababu kilicho chini ya mstari kilikuwa kidogo kwa muda. Kinyume chake pia hutokea: kampuni ikiwa kileleni mwa faida isiyodumu, P/E huonekana ndogo na tamu, na anayenunua anapokea faida inayoteremka.

Kwa kampuni za simu hasa, Mwalimu, kuna jambo jingine la kutazama zaidi ya P/E. Mnara, betri zake, nyaya za chini ya ardhi na leseni ya masafa ni vitu vinavyonunuliwa leo kwa pesa taslimu, lakini kwenye hesabu gharama yake hukatwa kidogo kidogo kwa miaka, kwa jina la uchakavu. Kampuni inayojenga sana inaweza kuonyesha faida nzuri huku mfuko ukitoka mtupu, na iliyomaliza kujenga inaweza kuonyesha faida ndogo huku pesa zikiingia. Rudi kwenye bodaboda: mwenye pikipiki asiyetenga pesa ya kununua nyingine anadhani anapata faida, kumbe anakula mtaji. Kwa hiyo ukishasoma faida, fungua ukurasa wa mtiririko wa fedha kwenye ripoti, chukua pesa zilizotokana na shughuli za kampuni, toa zilizotumika kununua mitambo na leseni, uone kama kilichobaki kinatosha kulipa gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa. Safaricom imelipa shilingi 1.20 kwa hisa kwa kila mwaka kati ya miaka mitatu ya fedha hadi Machi 2025. Kabla ya hapo ilikuwa 1.39. Gawio likisimama hapo huku faida ikipanda, kampuni inabakiza pesa ndani, na una haki ya kujua zinaenda wapi.

Na kumbuka Safaricom ya 2008 si ya leo. Ile iliishi kwa watu kupiga simu. Hii, zaidi ya asilimia 40 ya mapato yake ya huduma Kenya yanatoka M-Pesa, ambayo ilizinduliwa Machi 2007, mwaka mmoja tu kabla ya foleni zile. Ndiyo maana siku hizi naiona nusu kampuni ya simu na nusu chombo cha fedha, na sishangai P/E yake ikitofautiana na za kampuni nyingine za simu za Afrika. Lakini pia ndiyo maana kila Sheria ya Fedha inaigusa: ile ya 2023 ilipandisha ushuru wa kutuma pesa kwa simu kutoka asilimia 12 hadi 15, huku ikiteremsha ule wa muda wa maongezi na data kutoka 20 hadi 15.

Jambo dogo kuhusu tarehe, nisilisahau. Bei kwenye programu ni ya leo, faida si ya leo. Mwaka wa Safaricom unaisha Machi, hesabu hutoka Mei, na za nusu mwaka hutoka Novemba. Programu isiyohesabu nusu mwaka inakupa, mwezi wa Aprili, bei ya asubuhi hiyo ikigawanywa kwa faida ya mwaka ulioisha miezi kumi na mitatu iliyopita. Tazama chini ya nambari kama kuna tarehe. Kama hakuna, gawanya mwenyewe.

Sasa hisa zako 4,000. Uliweka shilingi 168,000, bila ada za dalali. Kwa bei ya 28 zina thamani ya 112,000. Tangu ununue umepokea gawio la miaka minne ya fedha, jumla shilingi 4.99 kwa hisa, yaani 19,960, na baada ya kodi ya asilimia 5 ni karibu 19,000. Kwa hiyo uko chini kwa shilingi 37,000 hivi, si 56,000 kama bei peke yake inavyosema. Inauma, lakini jua uzito wake halisi.

Je, ulipaswa kuongeza 2023? Tukitazama nyuma, ndiyo. Lakini siku ile, dola zikiwa adimu, riba ikipaa na Ethiopia ikimeza pesa, P/E ya 9 haikukuambia kwamba bei itapanda. Ilikuambia tu kwamba watu hawaamini. Wangeweza kuwa sahihi. Usijiadhibu kwa hilo, na kijana asikuadhibu.

Kuhusu kuuza, naona njia tatu na nitakuambia ninayoielekea. Unaweza kushikilia zote, ukiamini kwamba Ethiopia itaacha kuvuja na riba itabaki chini. Hatari yake ni kwamba P/E ikirudi 9 kwa sababu yoyote, faida ikiwa ile ile, hisa itakuwa shilingi 16, nawe umeshaona hilo linawezekana. Unaweza kuuza zote, ukakubali hasara na kulala usingizi. Gharama yake ni kuacha gawio ambalo kwa bei ya leo ni asilimia 4.3 kwa mwaka, pamoja na ukuaji wowote ujao. Au unaweza kuuza kiasi kinachotosha karo na kubakiza zilizobaki. Mimi naielekea hii ya tatu, na sababu yangu si P/E hata kidogo. Ni kwamba karo ya Januari ina tarehe, na hisa haina tarehe. Pesa yenye tarehe ya kutumika ndani ya mwaka mmoja haifai kukaa kwenye soko la hisa, iwe P/E ni 9 au 25. Mama watoto ana hoja nzito, ingawa hakutaja nambari yoyote. Bei ya kununulia, ile 42, iweke kando unapoamua. Soko halijui ulinunua kwa ngapi wala halina deni nawe la kukurudisha pale.

Linalonisumbua zaidi kwenye barua yako ni maneno "akiba yangu karibu yote". Kampuni moja, nzuri namna gani, isibebe nyumba nzima. Siku hizi unaweza kufungua akaunti ya DhowCSD ya Benki Kuu kwa simu na kununua hati za hazina bila kupita kwa mtu. Hata ukibakiza hisa 2,000, nusu ile nyingine ikikaa mahali tofauti utapumua.

Yapo mambo yanayohitaji mkae na mtu ana kwa ana, na barua haitoshi. Kama sehemu ya 168,000 ilikuwa mkopo wa Sacco na bado unakatwa, nenda, kwa sababu hapo riba ya mkopo huingia kwenye hesabu yote. Kama hisa ziko kwa jina la watu wawili, au kuna za marehemu ambazo hazijahamishwa, nenda. Kama umebakiza chini ya miaka mitano kustaafu, nenda. Dalali au mshauri utakayemwendea awe kwenye orodha ya wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Orodha iko wazi kwenye tovuti yao, itazame kabla ya kupanda gari kwenda Mombasa. Anayekuandikia WhatsApp akikuahidi P/E itafika 25 kabla ya Krismasi, mfungie.

Siku utakayokwenda, beba taarifa ya akaunti yako ya CDS, ile inayotunza hisa zako, ratiba ya karo ya mwaka mzima, na karatasi moja ambayo wewe na kijana mtaiandika kwa mkono: bei, faida ya kila hisa na P/E kwa kila Machi tangu 2021, na pembeni riba ya hati za siku 91 kwa mwezi huo huo. Mwachie kijana kazi ya kutafuta riba. Akifika Machi 2024 ataona mwenyewe kwa nini hisa ya P/E ndogo haikuwa na wanunuzi.